Mpini wa Utepe Mwekundu

Karakana ya mume wangu haikai bila watu. Anatengeneza fimbo za gofu, na mlango wake umepakana na uzio wa kiwanja, kwa hiyo kila anayetoka kucheza anapitia hapo. Huyu mshikio umechakaa, yule kichwa kimelegea, na wengine hawana shida yoyote, wamekuja tu kusikia nani kamshinda nani. Mimi ndiye niliyeweka yale mabenchi mawili na birika la chai, na sijuti. Mahali pasipo na watu pananitia usingizi.

Siku moja akaingia Radi na mkewe. Jina la Radi tulimpa wenyewe, enzi zile alipokuwa dereva wa greda mwenye mabega kama milango. Alikuwa akipiga mpira, walio karibu wanainama kwanza, ndipo wanauliza umekwenda wapi. Sasa amestaafu, na bega lake la kulia lilipasuliwa. Limepona, anabeba hata mtungi wa gesi, ila kasi haijarudi. Balaa ni kwamba shimo la kwanza la kiwanja chetu lina bwawa mbele yake. Tangu apone, mpira wake unatoka chini chini, unakata kulia, unaishia majini, chubwi! Na marafiki zake wanatazama mawingu kwa adabu.

Hiyo adabu ndiyo iliyokuwa inammaliza. "Wangenicheka ningejua bado niko nao," alimwambia mkewe. Akaapa: Jumamosi bwawa likimshinda tena, fimbo zote anampa mpwa wake, na kiwanjani hakanyagi.

Mkewe ni mkunga, naye anacheza gofu, shoga yangu wa siku nyingi. Alinivuta kando, kwenye birika.

"Shoga, huyu akiacha gofu nimekwisha. Alipokuwa anauguza bega alinipangia sufuria kwa ukubwa. Akanipangia na vijiko."

"Vijiko?"

"Vijiko! Akimaliza anakaa dirishani, hasemi neno. Mimi nimezoea mume mwenye kelele. Akinyamaza yule, nyumba nzima inaumwa."

Hapo nikaacha kucheka.

Mume wangu, ambaye watu wote wanamwita Fundi, alikuwa ameshaishika ile draiva ya Radi, fimbo ndefu ya kuanzia, anaichungulia kama anayetafuta tone la maji.

"Kaka, kichwa hakina kosa. Tatizo ni mpini, huu ufito unaobeba kichwa. Huu ni mgumu, umetengenezewa mtu mwenye kasi. Ukishuka nao taratibu unakataa kupinda, kichwa kinafika kwenye mpira kikiwa bado kimetazama pembeni. Ndiyo maana mpira unakimbilia kulia."

"Basi nipe mgumu zaidi."

"Mpe nondo kabisa!" akadakia kinyozi kutoka benchini. Kinyozi ni mdogo wake mkunga, na kule saluni kwake ukikaa kitini unanyolewa nywele na siri pia. "Nondo ya ghorofa, shemeji, ikiwezekana na zege lake!"

Fundi habishani na mteja. Ana utaratibu wake. Kila mpini umeandikwa aina yake: mgumu, wa kawaida, wa wazee, wa wanawake. Aligundua zamani kwamba wanaume wakisoma hayo maandishi wanachagua kwa macho, kisha wanaondoka na mpini unaomfaa mtoto wao. Kwa hiyo maandishi yote yanafunikwa kwa utepe, kila mpini na rangi yake, na mteja anapiga bila kujua ameshika nini. Vichwa vya siku hizi vinafungwa kwa skrubu, kubadilisha mpini si kazi. Kufunga tepe ni zamu yangu.

Nikaokota mipini pale mlangoni, nikafunga mmoja baada ya mwingine, bluu, njano, kijani, nyekundu, huku kinyozi akinisimulia harusi iliyovunjika bibi harusi akiwa ameshapakwa poda. Mikono iko kazini, masikio yako harusini.

Mlango wa nyuma unafungukia uwanja mtupu wa kujaribia. Radi akapiga na wa bluu: chini, kulia. Wa njano: chini, kulia, na tusi juu yake. Wa kijani ulipanda kidogo ukachoka. Akafungiwa wenye utepe mwekundu.

Hata sauti ilikuwa nyingine. Mpira ulipanda, ukanyooka, ukakaa angani kama uliosahau kwamba kuna kushuka, ukaangukia ng'ambo ya bango la mwisho. Akapiga tena, vilevile. Akapiga tena.

"Huu!" Radi alikuwa anacheka kwa sauti ile ya kwenye greda. "Huu ndio mgumu wenyewe. Si nilisema?"

"Unataka kujua ni wa aina gani?" Fundi akauliza. Hiyo nayo ni desturi yake, hasemi mpaka aulizwe.

"Nimeshajua. Niachie huu huu, na utepe usiutoe. Umeniletea bahati."

Ndipo mkunga aliponikanyaga mguu. Alikuwa anautazama mpini pale utepe unapoishia. Kulikuwa kunachungulia nukta ya rangi ya kucha, zambarau. Mkunga anaitia kwenye kila kitu chake tangu siku za kazini hospitali, hata chini ya kikombe, ili wenzake wasijisahau. Chai ikanipanda puani. Alikuwa ametuletea draiva yake tuibadilishie mshikio, na Fundi akauegemeza mpini wake pale mlangoni gundi ikauke. Mimi na harusi ya watu tukauchukua pamoja na mingine. Yeye na mumewe wana kimo kimoja, nani angegundua?

"Nimwambie Fundi?" nikanong'ona.

"Ukifungua mdomo, sikujui."

"Na Jumamosi wewe utapiga na nini?"

"Nitajua hukohuko. Hivi umemwona anavyocheka?"

Mimi, kutunza siri! Mpaka Jumamosi nilikuwa nakunywa chai ya moto makusudi, ulimi uwe na shughuli nyingine.

Jumamosi tulikuwa wote pale mbele ya bwawa. Kinyozi alianza, mpira wake ukaoga. Akaja Radi. Akatulia, akazunguka, akashuka taratibu kama mtu anayefunga geti lake mwenyewe. Mpira ukapita juu ya maji, ukatua kwenye majani ng'ambo, mweupe, peke yake. Tulipiga vigelegele mpaka msimamizi wa kiwanja akatutolea macho.

"Bandua huo utepe, shemeji!" kinyozi akapaza. "Tuone huo ugumu ulivyo!"

"Wacha utepe wa watu," mkunga akasema, lakini Radi alikuwa ameshaingiza ukucha. Akaubandua kwa madaha, akauinua mpini tusome sote.

Wa wanawake. Na chini yake, nukta ya zambarau.

Kinyozi alisogea, akayasoma yale maandishi mara mbili. Radi akaisugua ile nukta kwa kidole gumba. Nikamwona uso unaanza kufunga, ule uso wa dirishani aliokuwa ananihadithia shoga yangu. Fimbo mkononi mwake ikageukia bwawani. Nikasema moyoni, inakwenda hiyo, na yeye anaifuata.

Akatazama ng'ambo, kwenye mpira wake. Kisha akamtazama mkewe.

"Zamu inayofuata ya nani?"

"Yangu."

"Unapiga na nini?"

Mkunga akaonyesha fimbo fupi aliyokuwa ameishika. "Na hii."

"Utavukaje maji na hiyo? Na mpini wako ninao mimi?"

"Ulicheka," mkewe akasema. "Ningekunyang'anya vipi?"

Kinyozi akashindwa kujizuia. "Jamani! Radi kapiga na fimbo ya dada!"

"Nimepiga nayo, na nimevuka," Radi akamjibu. "Wa kwako uko wapi? Mbona kambare wanaupigia makofi?"

Tukaangua kicheko, kinyozi mwenyewe akiongoza. Tulimcheka Radi, tukamcheka kinyozi, na hakuna aliyekumbuka mawingu. Radi naye alicheka mpaka akashika bega.

"Shika," akamwambia mkewe, akimpa fimbo. "Tutapokezana."

"Sheria hairuhusu!" kinyozi akapinga.

"Nenda kashtaki," Radi akasema.

Mkunga akapiga. Mpira ukavuka, ukabingirika, ukaupita wa mumewe kidogo.

"Sasa haya ndiyo mambo gani?" Radi akasema. Jioni hiyo hiyo akawa karakanani, kwenye benchi langu, anamuuliza Fundi kama anao mwingine kama ule.

"Ninao. Nikufungie utepe?"

"Wa nini?" Akamgeukia mkewe, mkono ameunyoosha. "Mama, lete ile rangi yako ya kucha. Mimi nitatia nukta mbili, tusije tukachanganya."