Mfalme wa Marashi

“Huyo ni kaa,” Twaiba alisema, “na kaa hajui kwenda mbele. Yeye siku zote huenda mshazari.”

Issa, aliyekuwa ameng’oka meno mawili ya mbele, alimrudisha kaa wake, kete aliyokuwa ameisukuma mbele, kwenye mraba wake. “Na akichoka, dada?”

“Akichoka analala. Akiamka, mshazari vilevile.”

Watoto walicheka, kisha kicheko kikazama polepole na baraza ikarudi kwenye ukimya wake.

Hapo Bongwe, kwenye baraza ya nyuma ya madrasa, sataranji ilichezwa chini, juu ya mikeka. Twaiba alikuwa msuka mikeka, na mabao yote aliyasuka mwenyewe kwa ukindu: mraba mweupe, mraba mweusi, mpaka mwisho. Kete aliachiwa na marehemu mjomba wake, mpishi wa hoteli moja ya Diani, aliyefundishwa mchezo na mgeni msimu wa mvua wakati vyumba vilipokuwa vitupu. Nyingi zilikwisha potea. Askari waliopungua walikuwa vifuniko vya soda. Ngome moja ilikuwa kipande cha gunzi la mahindi. Na mfalme mweupe wa bao la Yusra alikuwa kichupa kitupu cha marashi, chembamba, kirefu, ambacho kila kikisogezwa kilitoa harufu ya waridi, hafifu, kama mtu aliyepita chumbani zamani.

Twaiba aliishia darasa la nane, na hakuwa na mengi ya kusema. Alizunguka nyuma ya migongo ya watoto akitazama mikono yao. Mkono ulimwambia yote: huu una haraka, huu unaogopa, huu umekwisha ona njia ila haujaamini. Jua la baada ya adhuhuri lilipenya kwenye majani ya mwarobaini na kumwaga vipande vya nuru juu ya mikeka, hata mtu asijue upi ni mraba wa ukindu na upi ni wa jua. Watoto walicheza kama wanaoota. Ukimya ule alikuwa akiupenda kuliko kitu chochote cha juma zima.

Leo ulimtia hofu.

Jumamosi iliyopita, Ustadhi Abdulaziz, mwenye madrasa, alipita akasimama penye ngazi. Twaiba alipoinua kichwa alimkuta hapo, fimbo mkononi, uso umekunjamana.

“Binti, nimetoa salamu.”

“Ustadhi, niwie radhi. Hatukusikia.”

“Nimeitoa, nikairudia, nikairudia tena. Mtu mzima na watoto, hapana hata mmoja aliyeitikia.” Hakupaza sauti, afadhali angeipaza. “Mchezo unaoziba masikio hata salamu isiingie, mimi nina shaka nao. Jumamosi wageni wenu wa mashindano wakija, nami nitakuja. Nitatoa salamu yangu. Kisha nitakwambia kama baraza hii itabaki yenu.”

Ilikuwa kweli. Hata yeye hakusikia. Alikuwa ameinamia bao la Yusra, akimfuata farasi mmoja mawazoni. Na alijua vizuri: mama zao waliwaachia mabinti waje kwa sababu hapa ni madrasa. Wakihamia kwenye veranda ya duka la mtu, wavulana watakuja. Yusra hatakuja.

Wiki nzima, akisuka, alitamani kuwaonya watoto. Sikilizeni, ustadhi akiingia, itikieni kwa pamoja. Maneno yalimjia mpaka ncha ya ulimi, akayarudisha. Salamu ya kufundishwa kama kasuku ingekuwa salamu gani? Basi akanyamaza, akaendelea kusuka, na mara mbili akakosea mistari akalazimika kufumua.

Leo wageni walifika kutoka Ukunda, watoto wa shule wamevaa fulana za rangi moja. Yusra aliwekwa na Kaingu, kijana mdogo mchangamfu aliyecheza kwa mdomo kwanza.

“We dada, huyu mfalme wako mbona ni chupa?”

“Ndiye aliyepo,” Yusra alisema.

“Anti! Nikimla, nanyunyizia wapi?”

“Mfalme haliwi,” Twaiba alisema. “Cheza, mwanangu.”

Alicheza, na taratibu mdomo wake ukapungua maneno. Yusra aliinama mpaka mtandio ukamfunika mashavu. Twaiba alikwisha iona njia: farasi akitua pale karibu na ukingo, angemtisha mfalme wa Kaingu na malkia wake kwa pigo moja. Je, mtoto ameiona? Mkono wa Yusra ulitoka kwenye mtandio, ukamshika farasi, ukamwinua.

“Assalamu alaykum.”

Ustadhi alikuwa ngazini, amevua viatu.

“Waalaykumu ssalaam,” Twaiba aliitikia, na watoto wakamfuata, huyu na yule, wageni kwa wenyeji, mpaka Issa na mapengo yake. Wote, isipokuwa mmoja. Farasi alikuwa bado hewani. Ustadhi alimtazama mtoto yule, na Twaiba akamtazama ustadhi, na nje jogoo akawika pasipo sababu.

Farasi akatua.

Hapo ndipo Yusra alipoinua macho, kama aliyeamshwa. Salamu ilimfikia ikiwa imechelewa. Uso ukamwiva. Akaruka wima kukimbilia mkono wa mwalimu wake. “Shikamoo, ustadhi! Waalaykumu ssalaam, shikamoo!” Ncha ya mtandio ikafagia mkeka. Kichupa kikayumba, kikalala.

Harufu ya waridi ikapanda.

“Imeisha hiyo!” Kaingu aliruka. “Mfalme amelala! Anti, umeona? Si mlituambia ninyi wenyewe?”

Ndiyo, waliambiwa. Pale barazani hakuna aliyesema “nimeshindwa.” Aliyeshindwa alimlaza mfalme wake taratibu, na mwenzake akamshukuru. Twaiba aliweka desturi hiyo alipogundua kwamba mdomo wa mtoto hulia upesi kuliko mkono.

Yusra aligeuka, akakiona kichupa. Hakutetea. Alirudi, akapiga magoti, akamnyooshea Kaingu mkono. “Ni mkono wangu uliomwangusha,” alisema.

“Kuna nini?” ustadhi aliuliza.

Twaiba ndiye aliyejibu. “Mfalme akilala, ustadhi, mwenyewe amekubali kushindwa. Ndivyo nilivyowafundisha.”

“Na ameanguka vipi?”

“Alipoinuka kukuamkia.”

Ustadhi alikitazama kichupa kilicholala. Msikitini kipaza sauti kilikoroma na adhana ya alasiri ikaanza. Watoto wakainuka kwenda kutia udhu, Yusra nyuma yao, akijipangusa macho kwa mtandio uleule. Mabao yakabaki yalivyo. Twaiba alibaki na wageni wasioswali; yeye angeswali wakirudi.

Kaingu alikaa mbele ya bao, mikono mapajani. Alilitazama kwa muda mrefu.

“Anti,” alisema mwisho. “Mimi nilikuwa nakwisha.”

“Najua.”

“Yule farasi, wallahi.”

“Najua, mwanangu.”

Swala ilipokwisha, ustadhi ndiye aliyetangulia kurudi. Alisimama juu ya bao kwa kitambo. Kisha aliweka fimbo chini, akainama kwa shida, akakiokota kichupa. Alikinusa kidogo. Akakisimamisha, kwa uangalifu mwingi, kwenye mraba usio wake. Halafu akavuta ndoo iliyokuwa penye nguzo, akaipindua, akaikalia.

Kaingu alifumbua kinywa. Twaiba akamtazama, naye akakifumba.

Yusra aliingia, miguu ingali na unyevu wa udhu, akakaa mbele ya bao. Alimwona mfalme wake amesimama. Akamwona mahali aliposimama. Akamtazama ustadhi, akajua mkono uliomweka, na mikono yake mwenyewe ikabaki mapajani, angethubutuje? Akamtafuta Twaiba kwa macho. Twaiba alikuwa anautazama mwarobaini.

Kidole kimoja kilitoka upande wa pili. Kaingu alikisukuma kichupa mraba mmoja, pole, mpaka mahali pake.

“Kwani pale si pake?” ustadhi aliuliza.

“Si pake, ustadhi,” Yusra alisema kwa sauti ndogo.

“Basi usiniangalie mimi, binti. Angalia mchezo wako.”

Kaingu akamwondoa mfalme wake kwenye hatari, na farasi akamchukua malkia. Ustadhi aliisogeza ndoo karibu. Baadaye akaisogeza tena. Vipande vya jua vilikuwa vimerefuka, vikateleza kutoka bao hadi bao, juu ya vifuniko vya soda na gunzi la mahindi, juu ya vichwa vilivyoinama na kofia moja nyeupe katikati yao, imeinama kuliko vyote.

Njiani, nyuma ya ua, mtu alipita na baiskeli yake. “Assalamu alaykum!”

Hapana aliyegeuka. Ustadhi alikuwa ameshika ndevu, macho yakimfuata farasi mmoja.

“Waalaykumu ssalaam,” Twaiba aliitikia kwa sauti ya chini, kwa ajili yao wote.