Mabakuli ya Sorkit

Jumamosi mchana Mzee Idrisi alikuwa akimenya vitunguu katika mkahawa wa Maman Kasoki huko ughaibuni, barabara ya Chaussée d'Ixelles, pale marehemu mama yake alipoingia akidondosha maji, na bakuli tupu mkononi. Nyuma yake walikuja majirani zake wa makaburini, foleni hadi kituo cha basi.

Walikuwa watu wa Sorkit, mji wa Wanubi ukingoni mwa Nile. Bwawa lilipojengwa, walio hai walihamishwa kwa treni, ziwa likafunika makaburi. Sorkit kila kaburi lilikuwa na bakuli kichwani, na jamaa walilijaza maji kwa mkono. Tangu siku ya treni hakuna aliyeyajaza mabakuli hayo.

"Ziwa muzima juu yenu, na muko na kiu?" aliuliza Maman Kasoki.

"Yale ni maji ya serikali," alijibu mama, na Idrisi akatafsiri. "Hakuna aliyetumiminia."

"Bon, mupange mustari. Na musiloweshe chini, nimetoka kupangusa!"

Walipokwisha kunywa, Idrisi alivaa koti lake, akawaongoza nje. Karibu na kituo cha Schuman kulikuwa na maonyesho ya mahekalu yaliyookolewa, jiwe kwa jiwe, kutoka kwenye maji hayo. Kwenye ramani ya maonyesho, mahali pa Sorkit paliandikwa: eneo lisilo na watu. Idrisi alikuwa amelalamika, akaambiwa alete mashahidi.

Mlangoni alisimama mlinzi, Dady wa Lubumbashi.

"Papa, bantu bote hawa ni famille?"

"Wote."

"Donc mabakuli ibaki vestiaire, kule kwa makoti."

"Mabakuli yanaingia."

Dady akafungua milango yote miwili.

Mbele ya ramani kila mmoja alitaja jina lake, nyumba yake, na sahani za mapambo alizopachika juu ya mlango wake. Kila walipotaja nyumba, ilisimama ukumbini, imepakwa chokaa, hadi mto ukapita katikati. Wageni wa maonyesho walikunja suruali na kupiga makofi. Wanawake wa Sorkit walipiga vigelegele, na Idrisi, mama yake amemshika mkono, alitembea mtaa wa kwao mwanzo hadi mwisho.

Mkurugenzi wa maonyesho aliwashukuru, akasikitika kwamba kanuni zinataka mashahidi walio hai.

Maandishi ya ramani yapo vilevile. Chini yake lipo bakuli la mama yake Idrisi, na Dady hulijaza kila asubuhi kabla ya kufungua. Wageni wakiuliza ni la nani, hujibu:

"Ya wenyeji."