Kiu ya Shangazi

Wauguzi walimwita Daktari Saa Sita, ila si mbele yake, nani anataka balaa? Jina alijipatia kwa kalamu yake mwenyewe. Miaka ishirini na miwili ya kupasua watu, na kwenye faili la kila mgonjwa aliandika maneno yale yale: asile, asinywe, kuanzia saa sita usiku. Uwe wa kwanza kuingia chumba cha upasuaji au wa mwisho, shauri yako. Aliipokea sheria hiyo kwa mwalimu wake na hakuwahi kuiuliza swali.

Basi siku moja sheria ikamwangukia shangazi yake.

Huyu Shangazi ndiye aliyemlea, na mwaka wa tatu sasa alikuwa anateswa na mawe kwenye kifuko cha nyongo. Kumshawishi alazwe, weee! Alibembelezwa, akatishwa, akaletewa ndugu wa karibu na wa mbali. Mwishowe alikubali kwa sharti moja: akirudi nyumbani bila kupasuliwa, asisumbuliwe tena maisha yake yote. Na Shangazi akisema, amesema.

Zamu yake ilikuwa saa nne asubuhi. Mgonjwa wa kwanza akachukua muda mrefu, zamu ikasogezwa hadi saa tisa. Ilipofika saa sita mchana, daktari akiwa mapumzikoni kati ya mgonjwa na mgonjwa, muuguzi alimfuata mbio. "Shangazi yako anafunga mkoba."

Alimkuta ameketi kitandani, viatu miguuni.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, kama sauti yangu bado inatoka. Hebu tazama ulimi huu."

"Vumilia kidogo tu..."

"Kidogo? Tangu jana sijatia hata tone kinywani! Nimeomba maji, naambiwa daktari amekataza. Nikauliza ni daktari gani huyo asiye na huruma, naambiwa ni mwanao!"

Wodi nzima ikaangua kicheko. Daktari hakucheka. Alijua yale mawe yangeweza kumuua, na alijua mlango ulikuwa hatua kumi tu kutoka kitandani. Aliogopa, jamani, aliogopa kama mtoto.

Hapo akaingia mtaalamu wa usingizi, binti mmoja mwepesi wa ulimi, aliyekuja kuwapima wagonjwa wake. Akasikiliza kidogo. "Si apewe maji?"

"Yatapanda yamwingie mapafuni akiwa amelala!"

"Chakula ndicho cha kuogopa, daktari. Chakula chepesi na maziwa, masaa sita kabla. Maji matupu, masaa mawili tu. Huyu anaingia saa tisa, kwa hiyo mpaka saa saba anywe."

"Tangu lini?"

"Tangu mimi nasoma sekondari. Mwongozo uko ukutani ofisini kwako, umetundika koti juu yake."

Daktari akaenda, akainua koti. Karatasi ilikuwepo kweli, imeanza kuwa ya njano. Akaisoma mara mbili, aibu ikampanda hadi masikioni.

Alirudi na jagi na bilauri. Shangazi akaipokea, akaifikisha midomoni, akasita. Kwenye vitanda vya mbele yake wanawake wawili waliosubiri kupasuliwa walikuwa wameikodolea macho ile bilauri.

"Na hawa zamu yao saa ngapi?"

"Saa kumi na saa kumi na moja. Kunywa kwanza, Shangazi."

"Kwani wao kiu yao ni ya bandia?" Akaiweka bilauri chini. "Sinywi peke yangu. Nitanywa nyumbani."

Daktari akamtazama yule binti wa usingizi, naye akaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, hao nao ruksa. Daktari akakohoa. Neno alilotaka kulisema halikuwahi kutoka kinywani mwake ndani ya wodi ile.

"Mama zangu, nimekosea. Maji mngekunywa tangu asubuhi. Niwieni radhi."

Wauguzi wakaduwaa. Yeye akaomba bilauri nyingine mbili, akamimina kwa mkono wake, akawapelekea mmoja mmoja. Ndipo Shangazi akanywa yake, yote, bila kupumua, akashusha pumzi ndefu.

"Na chai ya maziwa?"

"Hapana!" wakasema daktari na binti kwa pamoja.

"Haya, msinipigie kelele." Akavua viatu, akajinyoosha kitandani. "Saa tisa mniamshe."

Daktari akainua jagi aondoke. Mmoja wa wale wanawake wawili, mama wa kitanda cha dirishani, akamwita.

"Daktari, mwaka juzi ulinipasua goti. Siku ile nilishinda na kiu hadi jioni. Nayo ilikuwa hivi hivi, ya bure?"

"Ya bure, mama. Nisamehe."

Mama akamnyooshea bilauri tupu. "Basi niongeze na ya mwaka juzi."

Akamjazia mpaka juu.