Mguu wa Mzee Thanas

"Usiache mbachao kwa msala upitao. Basi. Serikali ilichukua manesi wetu ikawapeleka Italia huku sisi wenyewe tunakohoa. Hilo unaliitaje, mjomba?"

"Naliita utu."

"Utu wa kupigia picha uwanja wa ndege."

"Picha zilipigwa, ndiyo, na wagonjwa wakahudumiwa. Picha haimfufui mtu wala haimuui."

"Ilimuua babangu."

"Babako aliuliwa na moyo wake, Enkel. Usimtafutie marehemu muuaji mwingine."

Wakafika mbele ya kanisa kuu, barabara ya matembezi inapokomea, wakageuka bila kukata ubishi, kama walivyogeuka mbele yao na nyuma yao watu wengine wote wa mji. Kila jioni ilikuwa hivyo: kutoka mnara wa saa mpaka kanisani, kutoka kanisani mpaka mnarani, wazee mikono nyuma, wasichana wameshikana viwiko, wanaume wakiiangusha serikali wanapokwenda na kuisimika upya wanaporudi. Katika Albania nzima hakuna bunge linalokaa vikao vingi kuliko barabara ile.

Enkel alikuwa fundi pancha. Shule aliiacha mapema kwa sababu moja tu: kiti kilimchoma. Hakuwa mjinga, ila hakuweza kukaa mahali pamoja akisubiri mtu mwingine amalize sentensi. Hata sasa alitembea hatua moja mbele ya mjomba wake Pandeli, kisha anakumbuka, anapunguza, kisha anasahau tena. Pandeli, kaka wa mamake, alikuwa mpiga lipu mstaafu. Alikwishazoea kubishana na mgongo wa mpwawe.

Ng'ambo ya barabara, chini ya miti, Dhimitraq alikuwa akitembea peke yake. Nesi Dhimitraq, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Barabara ile ilikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote: wasiosemezana hugawana pande. Huu ulikuwa mwaka wa nne tangu Enkel amwachie upande wa miti.

"Usiku huu kwenye mjadala, hao wa televisheni wakikupa kipaza sauti," Pandeli akasema, safari hii kwa sauti ya chini, "utamtaja?"

"Nitamtaja."

"Mji wenyewe kiganja hiki. Ukimtaja leo, kesho hata kuku wake watatazamwa vibaya. Mtu kazi yake ni kuingia nyumba za watu, anawachoma sindano, anawafunga vidonda. Nani atamfungulia mlango nesi aliyetangazwa kuwa aliacha mgonjwa akafa?"

"Mlango aliufunga mwenyewe alipoondoka."

Pandeli akatikisa kichwa. Alijua kwamba ulimi hauna mfupa, lakini wa mpwawe ulikuwa na hata meno.

*

Majira yale ya kuchipua, korona ilipoingia, mji ulifungwa kama duka la mtu aliyefilisika. Gari la polisi lilipita likitangaza watu wakae ndani. Ruhusa ya kwenda kununua mkate iliombwa kwa simu. Wazee waliambiwa wasikanyage nje. Mzee Thanas, babake Enkel, alilichukua tangazo hilo kama tusi la binafsi. Aliketi dirishani akiwatukana mawaziri mmoja mmoja, na alipowamaliza akaanza na makatibu wao.

Kutoka asingeweza hata angeruhusiwa. Kisukari kilikuwa kimemwachia kidonda unyayoni ambacho kilikataa katakata kufunga. Kila jioni Dhimitraq alipotoka kazini alipita kwao, akakisafisha, akampima presha, akamwekea kile kipimo cha kusikilizia moyo kifuani. Hakuchukua malipo. Alichukua kikombe cha kahawa na matusi mawili matatu, kwa maana Thanas hakuwa na namna nyingine ya kumpenda mtu.

Ndipo serikali ikatangaza kwamba inapeleka manesi na madaktari Italia, ambako watu walikuwa wakifa kwa mafungu. Jina la Dhimitraq lilikuwamo. Alimfuata Enkel karakanani akiwa na boksi la bandeji kwapani.

"Njoo nikuonyeshe," alisema.

"Mimi? Mimi naziba pancha."

"Kazi ni hiyohiyo. Unasafisha, unakausha, unafunika. Na huna haraka. Hilo la mwisho ndilo litakalokushinda."

"Mzee hatakubali nimguse."

"Umemuuliza?"

Hakuwa amemuuliza. Baba na mwana hawakuwa wamegusana tangu kofi la siku ile Enkel alipoutupa mkoba wa shule. Waliishi nyumba moja kama wapangaji wanaodaiana pesa ya maji.

Jioni ya kwanza alipiga magoti mbele ya beseni, na mikono yake, ile ya kufungua nati zilizoshikwa na kutu, ikatetemeka. Thanas alikuwa akitazama dari.

"Unatetemeka nini? Huo si mguu wa waziri."

Jioni zilizofuata zilikuwa hivyohivyo. Palikuwa na maji ya vuguvugu, sauti ya mkasi, na mamake Enkel jikoni akijifanya hasikilizi. Kisha, karibu na Pasaka, milango ya makanisa ikiwa imefungwa na kengele zinalia bure, mzee akaanza kuongea. Alizungumza na dari, lakini alizungumza. Alisimulia mwaka ule utawala wa kikomunisti ulipoanguka na mipaka ikafunguka, alivyovuka milima kwa miguu kwenda Ugiriki kutafuta kazi, theluji hadi magotini, viatu vya kiangazi. Alivyoanguka kwenye mlango wa kwanza uliokuwa na mwanga. Bibi mmoja akamvuta ndani, akamvua viatu, akaiosha miguu yake kwenye beseni la kukandia unga, bila kumuuliza jina.

"Mumewe alikuwa chumba cha ndani, mgonjwa, anakohoa," Thanas alisema. "Anamwita. Kila akimwita, bibi anajibu 'naja', wala haji. Mpaka alipomaliza vidole vyangu vyote."

"Akapona? Huyo mume?"

"Nitajua wapi. Niliondoka asubuhi. Sikumwambia hata asante, Kigiriki sikukijua." Akateremsha macho mguuni. "Hapo katikati ya vidole hujakausha."

Kidonda kikafunga. Ngozi mpya ilikuja nyororo, ya rangi ya waridi, kama ngozi ya mtoto. Thanas akadai kioo cha mkewe, akakishika chini ya unyayo, akautazama kwa muda mrefu kama bibi harusi anavyojitazama. "Umekiziba," alisema. Katika maisha ya Enkel hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kupewa na babake, na hakujua aiweke wapi. Akatoka nje kuchanja kuni ambazo hakuna aliyezihitaji.

Wiki hiyohiyo, alfajiri, moyo ukasimama.

Mazishi yalikuwa ya watu wachache waliosimama mbali mbali, hakuna kushikana mkono, hakuna kukumbatiana. Dhimitraq aliporudi Italia na kumaliza karantini, alikuja na pakiti ya kahawa, kama inavyompasa anayeingia nyumba yenye msiba. Enkel aliipokea kwa juu ya geti. Geti hakulifungua. Kahawa ya msiba hunywewa ndani, pamoja na wafiwa. Mtu ambaye hakuinywa hajatoa pole, na hilo Dhimitraq alilijua. Akarudi nyumbani kwake. Ni hatua chache tu, lakini mtaa mzima ulizihesabu.

Kilichokuwa kikimla Enkel hakukisema kwa mtu. Yeye alifundishwa mguu. Kila jioni alipiga magoti akiuangalia mguu, mguu, mguu, na huku juu yake, umbali wa mkono tu, moyo ulikuwa ukigonga vibaya, na mwenye sikio la kuusikia alikuwa Italia.

*

Usiku huo ukumbi wa sinema, ulikofanyika mjadala wa televisheni kuhusu korona, ulijaa. Mtaalamu kutoka mji mkuu alieleza kwamba kufunga mapema kuliokoa roho nyingi. Wakili akamjibu kwamba roho haiokolewi kwa kufungiwa kama sungura. Mzee mmoja akasema alikaa ndani mpaka siku alipoachiwa kutoka, miguu yake ilimdai pasipoti, na watu wakacheka kwa nguvu kuliko utani wenyewe ulivyostahili, kwa kuwa kabla yake mama mmoja alikuwa amesimulia jinsi alivyomuaga mumewe kupitia simu ya nesi, na hakuna aliyejua afanye nini na mikono yake baada ya hapo. Wengine walisema asante kwa yale waliyofanyiwa, wengine walisema kamwe hawatasamehe, na mara nyingine alikuwa mtu yuleyule.

Hatimaye mtangazaji, dada wa viatu vyekundu, akamjia Enkel. Akawaambia watazamaji kwamba kijana huyu alimpoteza baba wakati muuguzi wa baba huyo alipokuwa amepelekwa kutibu wageni. Akamsogezea kipaza sauti.

"Mimi ni Enkel, naziba pancha pale nyuma ya soko," akasema, na watu wakacheka kidogo. "Serikali ilikosea. Mimi sina maneno mengi. Nesi alikuwa wetu. Wakamchukua."

Vichwa vikaanza kugeuka. Dhimitraq alikuwa amekaa kule nyuma karibu na mlango, kofia magotini. Hakuinamisha uso. Enkel alimwona, na jina likamjia mpaka kwenye ncha ya ulimi.

"Akaondoka," aliendelea, "nikabaki na mguu wa babangu."

Hapo lilipaswa kufuata jina. Badala yake mguu ukatangulia. Alijikuta akieleza maji yanavyotakiwa kuwa, si ya moto, mtu mwenye kisukari hahisi, unaweza kumchemsha bila yeye kujua. Unapima kwa kiwiko chako wewe. Akaeleza kidole cha pili kilivyompanda cha tatu. Akasema kwamba babake alikuwa na kovu chini ya kifundo, la theluji, na kwamba yeye aliishi naye miaka yote hiyo asijue kama lipo. "Kisigino chake kinaingia hapa," akasema, akakinyoosha kiganja mbele ya kamera, kikavu, chenye weusi wa mpira usiotoka kwa sabuni yoyote. "Kinaingia sawasawa." Akaisikia sauti yake mwenyewe. Haikuwa sauti ya mtu anayelalamika. Ilikuwa sauti ya mtu anayesimulia mali yake.

Mtangazaji akakitazama kile kiganja.

"Kwa hiyo," mtangazaji akauliza taratibu, "unasema serikali ilifanya vibaya?"

"Vibaya. Ndiyo." Akatafuta namna ya kuunganisha lile na hili, hakuiona. "Na mimi nikapata mguu," akasema, akamrudishia kipaza sauti kama mtu anavyorudisha kitu cha jirani.

*

Alipotoka nje, matembezi yalikuwa bado yanaendelea. Pandeli alimngoja mlangoni, akampiga begani mara moja. Ng'ambo, chini ya miti, Dhimitraq alikuwa ameshika njia ya kwenda kanisani.

Enkel akavuka barabara.

Walioona waliacha mazungumzo yao katikati. Kuvuka namna ile ni habari. Kesho ingejadiliwa kuliko mjadala wenyewe. Alimfikia, akapunguza hatua, na kwa mara ya kwanza hakupitiliza mbele. Walikwenda hivyo, bega kwa bega.

"Hukunitaja," Dhimitraq akasema.

"Nilisahau."

"Mwongo mkubwa."

"Haya. Uliondoka kwa nini? Na usinipe hotuba ya waziri."

Dhimitraq aliigeuza kofia yake mkononi. "Sikutaka kwenda. Niliogopa, kwanza, sikufichi. Na nilikuwa na babako. Nilimpitia asubuhi baada ya jina langu kutoka, wewe ukiwa kazini, nikamwambia nimekataa. Akanitukana mpaka mamako akaja kuchungulia. Akasema, 'Wewe nenda. Mguu huu una mwenyewe, ila hajajua tu.'"

Enkel alitembea akitazama chini.

"Na moyo?"

"Habari ya moyo alijua. Nilimwambia tangu majira ya baridi. Hata ningekuwepo, ningeusikia tu, nisingeuzuia. Alinikataza kukwambia. Alisema ukijua hutaosha mguu, utakaa unaulilia."

"Miaka yote hii, wewe kimya."

"Ulikuwa upande ule wa barabara."

Walikuwa wamefika mbele ya kanisa. Watu waliwapita pande zote mbili, wakageuka, wakarudi. Enkel alisimama. Alikuwa akifikiria chumba cha ndani, mahali fulani Ugiriki, na mtu anayekohoa anayeambiwa 'naja', 'naja'. Alishangaa kwamba hakuwahi kujiuliza yule mume alisema nini bibi alipomwendea hatimaye, mikono ingali na unyevu.

"Ile kahawa yako," akasema. "Tuliiweka mpaka ikapotea harufu. Mama akaipika hivyohivyo."

"Ilikuwa nzuri, ya Italia."

"Ilikuwa mbaya sana."

Dhimitraq akacheka puani.

"Mama ana nyingine," Enkel akasema. "Saa hizi yuko macho. Geti nitaliacha wazi."

Hakungoja jibu. Aligeuka, si pale wanapogeukia wote, bali kwenye kichochoro cha kwao, mikono mifukoni, akaanza kwenda. Yeye ambaye hakuna aliyewahi kumwona akitembea polepole alikwenda polepole, wala hakutazama nyuma.