Mshale Uliomkataa Mama Clotilde

Kwa mkono wa Élise, mshale ulikuwa mpole kama mwana-kondoo. Kwa mkono wa Mama Clotilde, uliruka. Uliruka kutoka ubeti wa kwanza hadi wa tatu, ukaupaka mstari mzima weusi, na mama alipobonyeza herufi iliyofuata, mstari wote ukatoweka.

"Imemeza Haleluya tena!" Mama Clotilde aliinua mikono kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. "Élise, mwana wangu, kuya uone. Minye sikugusa kintu!"

Walikuwa katika ofisi ya kanisa, mtaa wa Kikula, nyuma ya soko, mahali ambapo Mama Clotilde alikuwa akipiga taipu tangu Élise akibebwa mgongoni. Lakini utepe wa taipu ile ya zamani haukupatikana tena Likasi, wala Lubumbashi. Mmisionari mmoja aliyerudi kwao alikuwa ameacha kompyuta ndogo ya kukunja, yenye kibao laini mbele ya herufi: ukitelezesha kidole juu yake, mshale unatembea kwenye kioo.

Pasta Kabongo alikuwa amesema wazi. Siku ya Ijumaa ndugu Rémy, mtumishi wa kanisa la Lubumbashi, angekuja na lori. Akikuta kitabu cha nyimbo za jubilei ya wamama kiko tayari, kimepigwa na Mama Clotilde mwenyewe, kompyuta itabaki hapa, naye atabaki na kazi yake. Asipokikuta, kompyuta itakwenda kwa watu wanaoiweza. Habari ya Mama Clotilde mwenyewe pasta hakuimalizia. Kila mtu aliimalizia moyoni.

Ndiyo maana Élise, binti aliyekulia katika kanisa hilo, aliitwa. Alikuwa amesomea kazi ya ofisi katika chuo, na kompyuta haikumtisha. Watu ndio waliomtisha. Sauti yake ilikuwa ndogo sana hivi kwamba darasani mwalimu alizoea kusogeza kiti karibu naye. Lakini chuoni alijifunza jambo moja: usiilaumu mashine kabla hujajaribu kitu kimoja kimoja.

Basi alijaribu. Alikipangusa kile kibao kwa kitambaa kikavu, mshale uliruka. Alichomoa waya, maana umeme wa siku zile mara uliwaka kama jua, mara ukawa mwekundu kama kaa linalozimika. Mshale uliruka kwa betri pia. Alifunga dirisha kwa sababu ya vumbi. Alimwomba mama anawe mikono na kuikausha vizuri. Kisha akakaa yeye mwenyewe kwenye kiti kile kile, akaandika ubeti mzima bila tatizo lolote. Mama Clotilde alipokaa tena, mshale ukaanza ngoma yake.

"Clotilde, ile mashini inakuogopa," alisema Mama Marcelline, kiongozi wa kwaya, aliyepita kuchungulia nyimbo zake. "Inajua weye uko na mukono ya kupiga batoto."

"Nyamaza, Marcelline! Ingekuwa inaogopa, ingekimbia ukiimba weye."

Walicheka wote wawili, lakini Élise aliona kwamba mama alicheka huku macho yake yakiwa kwenye kioo.

Ijumaa ilifika na nyimbo nne zilikuwa bado. Huko nje maneno yalikuwa yamekwisha zunguka: mashine inakubali mikono yote, inakataa mkono mmoja tu, hapo kuna jambo. Asubuhi Pasta Kabongo aliingia na chupa yake ya mafuta ya upako, akaanza kuifungua juu ya kompyuta.

Élise, ambaye hakuwahi kumjibu pasta maishani mwake, aliushika mkono wake. "Pasta, pole. Mafuta hapana. Itakufa."

Pasta alimtazama kwa mshangao, kama aliyesikia kiti kikisema. Kisha akaipaka meza mafuta, kwa heshima ya pande zote mbili.

Wakati huo huo ndugu Rémy aliingia, vumbi la barabara kwenye nyusi, mkononi ameshika mfuko mtupu wa kubebea kompyuta. Alivua kofia akaungana nao. Wote, na Mama Marcelline kati yao, waliinua mikono wakaomba kwa nguvu. Élise aliomba jicho moja likiwa wazi, na kwa jicho hilo aliona kitu.

Mama Clotilde alikuwa na bangili nene ya shaba, aliyofuliwa na mumewe Casimir katika karakana ya kampuni ya madini alikofanya kazi, kwa ajili ya baridi yabisi. Élise aliikumbuka vizuri. Alipokuwa mdogo alijaribu kuizungusha, ikagoma, imezama katika nyama ya mkono, na mama akamwambia: "Hii itatoka ku paradizo tu." Leo, mikono ilipoinuliwa, bangili ile iliteleza yenyewe hadi kwenye kiwiko.

"Amina!" Mama Clotilde aliketi, bangili ikiwa bado imekwama kwenye kiwiko, akaandika. Mstari wa kwanza. Wa pili. Ubeti mzima, kwa kasi yake ya zamani. Mama Marcelline alipiga kigelegele. Kisha bangili ikaanza kushuka polepole, ikafika kwenye kifundo cha mkono, ikalala juu ya kile kibao laini, na mshale ukaruka.

"Shetani amerudia!" alilia Mama Marcelline.

Ndugu Rémy akaanza kufungua zipu ya mfuko wake.

Élise alielewa yote. Kibao kile kilihisi shaba kama kinavyohisi kidole. Hilo lilikuwa jepesi kusema. Lakini nani angesema mbele ya pasta na mgeni kwamba mkono wa Mama Clotilde umekonda? Kwamba tangu kampuni iache kuwagawia wafanyakazi unga, na mshahara wa Casimir uwe hadithi, nyama iliyoishika bangili ile imekwisha?

Alifungua kitambaa cha kichwani mwake, akapiga magoti kando ya kiti.

"Mama, uniazime mukono." Aliisukuma bangili juu, akaifunga kwa kitambaa ili isishuke, akamnong'oneza, "Ni hii tu. Iko nashuka inagusa."

Mama Clotilde aliitazama bangili. Akautazama mkono. Élise aliinamisha kichwa, masikio yakimwaka.

Kicheko kilianzia tumboni mwa mama, kikatikisa meza.

"Pasta! Haikuwa shetani! Ni mwili yangu njo ilikimbia! Wakati ya unga ya kampuni hii bangili haikujua kutembea, sasa iko natembea kama député wa bunge!" Alijifuta machozi. "Na huyu mutoto alikuwa nasikia haya kwa ajili yangu. Kuya nikupige busu. Nitamwambia Casimir afue ingine kadogo."

"Asifue kintu!" alisema Mama Marcelline. "Tutaurudisha ule mwili, bangili itakaa fasi yake."

Nyimbo nne zilikwisha kabla jua halijafika utosini, Élise akimsomea maneno, na kila aliposhusha sauti, mama alimwambia, "Nguvu, mwana, niko naandika, haiko siri." Ndugu Rémy alingoja kwa furaha, maana walimpa chai. Aliporudi Lubumbashi, mfuko wa kompyuta ulikuwa umejaa viazi vitamu.

Siku ya jubilei, vitabu vikiwa mikononi mwa wamama wote, sahani ya Mama Clotilde haikuruhusiwa kuisha. Kila mama aliyepita aliongeza bonge la bukari, ugali wa huko, na kipande cha samaki. "Kwa ajili ya mashini," walisema, na yeye, kitambaa cha Élise kikiwa bado kimefungwa mkononi, alijibu kila mmoja kwa uso wa mtu anayefanya kazi ya kanisa:

"Ndiyo, njo vile. Leta."