Mji wa Wheaton kwa Kitendawili Kimoja

Msimu mzima wa mbio za magari Bibi Leokadia alikuwa akiogopa akiwa nyumbani, mji wa Bowie, sebuleni, simu mapajani. Siku ya mbio za mwisho akasema heri aogope akiona.

Mjukuu wake Audrey, aliyemlea tangu hajaota meno, siku za kazi ni muuguzi. Jumamosi hushindana na wenziwe kwa magari ya zamani, yale ya mwaka sabini yenye pua ndefu na injini za kunguruma. Baba yake, Ombeni, ndiye fundi. Gari lao jekundu lilikuwa la pili msimu huo. Likishinda leo, kombe ni lao.

“Mama, tulia,” Ombeni alimwambia kando ya njia ya mbio. “Gari lina breki.”

“Hata yanayoua yana breki.”

Kila jekundu lilipopita mbele yao, Bibi alipumua. Likipotea nyuma ya miti, pumzi ilikwama tena. Ndipo mzunguko mmoja likachelewa. Likapita la bluu, likapita la njano. Nyuma ya miti vumbi likapanda.

“Audrey! Audrey, nijibu!” Ombeni alipiga kelele kwenye redio ya mawasiliano.

Akaja mbio mtu wa bendera. Gari limegonga ukuta wa matairi, mlango umebana, waokoaji wanaukata. “Mwongeleshe! Anasinzia, asilale!”

Bibi akampokonya mwanawe redio. Akaishika kwa mikono miwili.

“Kitendawili!”

Mkwaruzo mtupu.

“Kitendawili, we mtoto!”

“...Tega,” ikaja sauti, nyembamba kama uzi.

Akaketi juu ya tairi. Vitendawili vyote alivyovijua vikamtoroka. Akatega kile ambacho hofu ilimpa:

“Ninaye wangu. Nikimtazama naogopa, nisipomtazama naogopa zaidi.”

“Sijui, Bibi. Nasikia usingizi.”

“Hakuna kulala na kitendawili cha watu! Nipe mji.”

“Bowie.”

“Bowie si ndiko nakaa? Mwingine!”

“Germantown.”

“Nikafanye nini huko mimi? Mwingine!”

“Wheaton... it has the mall.”

“Haya! Nilikwenda Wheaton, nikazunguka hiyo mall duka kwa duka, viatu vyote vikanibana, nikarudi pekupeku. Jibu ni wewe, ndani ya hilo gari.”

Kicheko kidogo kikasikika redioni, kikakatwa na kilio cha maumivu. Kilio kile Bibi alikishukuru. Maiti halii.

Walipomleta kwenye machela, mguu umefungwa vibao, Bibi aliushika mkono wake, asiuachie.

“Mji mmoja hautoshi, mjukuu wangu. Nipe gari.”

Ombeni akatazama chini. Audrey akafumba macho, safari hii kwa makusudi.

“Chukua na Bowie, Bibi,” akasema. “Chukua na Germantown. Gari niachie.”