Udongo wa Shimo la Pili

…na shika hapo hapo, usisogee, anasema Fundi Timazi, na mimi nashika, nimechuchumaa kwenye kona ya kiwanja cha Sista, ncha ya tepu nimeibana kwa kidole gumba juu ya kigingi, kazi ambayo angeifanya mtu yeyote mwenye kidole, lakini Sista alitaka niishike mimi, mkono wako mwanangu, alisema, mkono uliomjengea mama yako, na mama yangu akacheka kwa raha pale barazani kwake, hatua ishirini kutoka hapa, nikainama haraka wasinione uso, kwa sababu saa moja iliyopita nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya kabati chumbani kwa mama, na kioo nimekikuta kimekatika. Kipande cha kioo tu, ukubwa wa kiberiti, nilikigandisha kwa plasta juu ya ufa wiki tatu zilizopita, ndivyo tunavyofanya watu wa ujenzi tukitaka kujua kama ukuta umetulia au unatembea, kwa sababu kioo hakina uvumilivu, ukuta ukisogea unene wa unywele kinakatika, na nilikigandisha kama mwizi, mama alipokwenda dukani, nikijiambia ni ufa wa kawaida, nyumba ya udongo lazima ijinyooshe kidogo ikikauka, na leo asubuhi nimekikuta vipande viwili, kimoja juu kimoja chini, vimepishana. Ukuta unatembea. Ukuta wa chumba anacholala mama yangu mzazi unatembea, na mimi nimechuchumaa hapa nampimia jirani nyumba kama ile ile. Una sifuri ya tepu? anauliza Timazi kutoka mbali, ninayo, nasema, sauti yangu imetoka ya kitaalamu kabisa, hata mimi nimeishangaa, ninayo fundi, endelea.

Anaendelea, taratibu, anaburuta tepu na goti lake bovu, Timazi aliyepewa jina hilo kwa sababu hawezi kupita karibu na ukuta wa mtu bila kufumba jicho moja kuona kama umesimama wima, hata msibani, hata hospitali alikolazwa alilalamikia ukuta wa wodi, na mtu huyo ndiye aliyeniambia, siwezi kusema hakuniambia, alinipigia simu nikiwa uwanja wa ndege na begi mkononi, dada mkubwa, alisema, shimo la kwanza la udongo limefika kwenye mwamba, tumefungua la pili kule chini, lakini huu udongo unanata, ukiufinyanga haukuachii mkono, mimi siupendi, tungoje urudi tuujaribu kwenye chupa. Chupa! Mimi ndiye niliyemfundisha habari ya chupa, unatia udongo, unatia maji na chumvi kidogo, unatikisa, unaiacha mpaka kesho yake, asubuhi inakuonyesha kila kitu kwa matabaka, mchanga chini, vumbi laini katikati, udongo wa mfinyanzi juu, na huo wa mfinyanzi ukizidi hufyatui tofali hata moja, maana litajikunja likikauka na litavimba likinyeshewa, siku moja tu, siku moja na chupa tupu ya maji, na mimi nilikuwa nakwenda wapi, nilikuwa nakwenda kwenye mkutano kueleza watu, kwa picha, kwenye ukuta mkubwa, jinsi ya kujaribu udongo kwenye chupa. Ningecheka kama si mama yangu. Ongeza saruji kidogo, nilisema, endelea tu fundi, mvua zinakuja, na nikazima simu kwa sababu walikuwa wanaita abiria, akaendelea, kwa kuwa ananiheshimu, na matofali yote ya upande wa magharibi yalitoka shimo la pili.

Mita saba na robo, anaita Timazi, mita saba na robo, narudia, na Sista anaandika kwenye daftari lake, anaandika kama alivyokuwa akiandika joto la wagonjwa miaka thelathini na mbili ya uuguzi, kwa herufi ndogo zilizonyooka, amestaafu sasa na amesema hataki kumalizia maisha chini ya bati linalomkaanga, amekuja kukaa kwa mama mchana kutwa akishika shika kuta, unene huu, anasema, jamani mchana wa jua hili mama yako anatafuta sweta! na ni kweli, hapo sitii chumvi, nyumba ile ni nzuri, madirisha nimeyapanga upepo uingie chini utokee juu, maji ya paa yanaingia kwenye tangi na tangi halijawahi kukauka, hatukuchoma kuni hata tawi moja kupata tofali, kuta tatu zingine zitamzika mjukuu wangu, ni nyumba nzuri yenye ukuta mmoja wa uongo, na huo mmoja ndio niliompa mama alalie kichwa. Kwa nini chumba chake nilikiweka magharibi, kwa sababu ya kile kitanda chake cha mbao nzito alichokataa kukiacha nyumba ya zamani, nilikipima, nikakichorea chumba chake, mlango upana huu, dirisha kimo hiki ili akiamka aone nje bila kuinuka… Usilegeze, dada mkubwa! anasema Timazi, tepu imelegea, naam, nimelegea, samahani.

Na ningeweza kusema siku ile ile niliporudi, nyufa zilikuwa nyembamba kama nyuzi, Timazi aliziona nami nikaziona, alinitazama akingoja nifungue mdomo, na mimi nikasema tupige lipu, chokaa na mchanga, safu mbili, akauliza dada mkubwa una hakika, nikasema nina hakika, na kesho yake wakaja watu wa kamera kuipiga nyumba picha. Kaka ndiye aliyeniponza, hapana, kaka hajaniponza, najikosha tu, kaka alisema mbele ya ukoo mzima unamjengea mama nyumba ya tope, na mimi nikamvua nguo, nikamwambia saruji yako ndiyo inayounguza dunia, nikataja takwimu, wajomba wakamcheka, na tangu siku ile nilijua kwamba nyumba ile haina ruhusa ya kuwa na ufa hata mmoja. Mtu akikosea tofali la saruji wanasema fundi huyo ni mbovu, mtu akikosea tofali la udongo wanasema udongo ni mbovu, nimejiambia hivyo wiki tatu hizi, nimejiambia kwamba ninyamaze kwa ajili ya udongo, kwa ajili ya hewa na misitu na watoto watakaozaliwa, kumbe nanyamaza kwa ajili ya uso wangu, na nimepata misitu ya kujificha nyuma yake. Nitampeleka mama matembezi wiki mbili, nilipanga hivyo asubuhi nikiwa bado nimepiga magoti, nitasema nataka kumpakia rangi chumba, nitaubomoa na kuujenga upya akiwa hayupo, atarudi hatajua, hakuna atakayejua, Sista naye nitamtafutia udongo mwingine kimya kimya, nitasema shimo lile limejaa maji… na udongo wenyewe mwanangu tuchukue pale pale alipochukua mama yako, Sista anasema sasa hivi, anamwambia Timazi, sitaki majaribio mimi, na Timazi anainama kupigilia kigingi, anapigilia mara nyingi kuliko kigingi kinavyohitaji.

Mwambie Sista, Timazi. Mwambie wewe, mimi siwezi, tafadhali mwambie. Lakini hatasema, alishasema kwenye simu. Sasa anazungusha tepu kwenye kigingi cha pili, anataka kuhakikisha kona imekaa mraba, tatu kwa nne kwa tano, mimi nibaki hapa hapa na sifuri, na kule barazani mazungumzo yamegeuka, Sista amerudi kuketi kando ya mama, nasikia nusu nusu, upepo unaleta na kuchukua, chumba cha kulala nikiweke upande gani, Sista anauliza, kama chako? na mama anasema, upande wowote ni mzuri, yule mtoto anajua kazi yake, na Sista anasema lakini wewe mbona siku hizi nakukuta umelala sebuleni, godoro chini, na kitanda kizuri kama kile unacho? Mama anapapasa kanga yake, kama mtu anayetafuta funguo kwenye pochi. Aa, mgongo, anasema mama, mgongo huu unataka sakafu, dada yangu, uzee. Anacheka. Mgongo? Mama yangu hana mgongo wa kuuma, mama yangu hubeba ndoo, mama yangu aligombana na wanawe wote wanne kwa ajili ya kitanda kile, akasema nitazikwa nacho mkitaka, leo halali juu yake, tangu lini halali juu yake, na nimelala kwake jana, chumba cha wageni, akanitakia usiku mwema, akaingia chumbani kwake akafunga mlango, alingoja nisinzie ndipo akatoka na godoro? Mama?

Kabati. Kabati lile sikuliweka mimi pale. Kwenye mchoro wangu liko mashariki, kando ya mlango, na mwezi uliopita nilikuja nikalikuta ukuta wa magharibi, nikasema moyoni wazee na kuhamishahamisha vitu, na sakafuni, Mungu wangu, sakafuni palikuwa na mikwaruzo miwili mirefu kutoka ukuta hadi ukuta, nami nikamgombeza. Nilimgombeza! Sakafu niliyoing'arisha kwa nta siku tatu, mama ungeita mtu, mama mnaharibu vitu vizuri kisha mnataka tuwafanyie vingine, nilisema hivyo kwa mdomo huu, na yeye akasema nisamehe mwanangu, nilikuwa nafagia. Alilisukuma peke yake. Kaka alikuja wiki ile kumtazama, kaka ambaye angeingia chumbani, angeona, angepiga picha na kuwatumia wajomba wote, na mama yangu wa miaka sabini na moja alitia bega akalisukuma kabati la nguo chumba kizima ili mwanawe wa kike asichekwe. Aliona ufa umerudi juu ya lipu kabla yangu. Kila asubuhi alikuwa akifagia unga wa udongo unaomwagika chini ya ule ufa, ndiyo maana sikuwahi kuukuta, na mimi nilidhani unga haupo, nikaandika kwenye daftari, ukuta haupukutiki, nikapiga mstari chini. Kioo changu amekiona. Bila shaka amekiona, anafagia pale, ameona mwanawe anajua, ameona mwanawe anajua na hasemi, akabeba godoro, akapika chai, akakaa barazani kunisifu kwa jirani. Ninaona aibu mpaka masikio yanawaka. Nilikuwa napanga kumdanganya kwa matembezi na rangi, mtu anayelala chini kwenye sakafu kwa ajili yangu.

Sifuri ipo? anaita Timazi, ipo, nasema, na kidole gumba kimekufa ganzi, jua liko pale pale lilipokuwa, tepu haijafika hata kona ya tatu, na Sista anasema, basi mgongo wangu nao nitaupa sakafu, naona ndiyo siri ya nyumba hizi, wanacheka wote wawili, mama anacheka cheko refu kupita kiasi, cheko la kufunika kitu, nimelijua tangu utoto na sikuwahi kudhani litanifunika mimi. Wajomba wacheke. Kaka apige picha anavyotaka, nitamshikia taa. Watasema udongo, nami nitasema hapana, mimi, niliukwepa usiku mmoja wa chupa, na Sista hatafyatua tofali hata moja kutoka shimo lile, hata kama atamwita mtu mwingine amjengee, hata kama atajenga kwa saruji mpaka choo. Usisogee, anasema Timazi. Mama, nasema, na sauti inatoka kubwa kuliko nilivyokusudia, Timazi anasimama na tepu mkononi, Sista anainua kalamu, na mama ananigeukia, abee, anasema, ananitazama usoni mara moja tu, na papo hapo anamshika Sista mkono, ah, huyu njaa inamuuma, anamwambia, tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni, hebu tuingie ndani… anafanya haraka, anajua ninachotaka kusema na ameshaanza kunifunika tena, na mimi nasema hapana, mama, kaa, usinisemee, acha niseme mwenyewe.